Harlan Stoudt na Hapana ya Mwaka 1987

Haya ni maisha ya mume wangu, Harlan Edgar Stoudt. Nimeyaandika mwenyewe kwenye meza ya jikoni kwa siku mbili, na binti yetu Lorraine anawasomea hapa kanisani kama yalivyo. Nimemwambia asinirekebishe. Humu ndani mna pia jibu la Bi Corinne Tuttle, aliyekuja kwangu Jumanne na pai ya tufaha, akaomba apewe sanduku la maswali ya wachezaji wa mchezo wa marehemu aendelee kuyajibu kwa niaba yake, kwa kuwa, alisema, anaijua akili yake. Pai niliipokea. Jibu nilimwambia atalisikia hapa.

Marehemu alizaliwa Jumatatu tarehe 9 Machi 1936 mjini Reading, Pennsylvania, mtoto wa pili wa mzee Amos Stoudt, seremala, na Bi Mabel. Alimaliza sekondari mwaka 1954. Mimi shule niliiacha mapema kulea wadogo zangu mama alipougua, kisha nikaingia kiwanda cha soksi. Harlan alitaka kunifundisha kusoma vizuri. Nikamwambia sikuolewa na mwalimu. Hakurudia.

Alipanga herufi katika kiwanda cha uchapaji kwa miaka 41, hadi alipostaafu mwaka 1995.

Tulifunga ndoa Jumamosi tarehe 21 Juni 1958, katika kanisa hili hili. Bwana harusi alichelewa dakika ishirini kwa sababu alikuwa anamweleza dereva wa teksi jinsi Waitalia walivyokwenda kuitwaa nchi ya Wahabeshi wakapigwa milimani. Ilinipasa kujua yanayonisubiri tangu siku ile.

Mwaka 1974 vita hiyo akaigeuza mchezo wa mezani: ramani, vipande vya kadibodi 240, dadu mbili, na kijitabu cha sheria cha kurasa 28. Tuliuuza kwa posta. Wachezaji hawakuzielewa sheria, wakaanza kuandika barua. Watu wa michezo hii wana utaratibu wao: swali unaliuliza la kujibiwa ndiyo au hapana, na ndani unatia bahasha yenye stempu na anwani yako. Kila Jumamosi Harlan alijibu chini ya swali, mimi nikafunga bahasha. Nyumbu wa mizigo wanaweza kuvusha mzinga mtoni? Hapana. Wapiga mbiu wanahesabiwa kama askari? Ndiyo. Hizo ndiyo na hapana zake hazikunisumbua.

Kisha akatokea Bi Corinne wa Duluth, Minnesota, mwalimu wa hesabu, hajaolewa, ambaye leo amekaa safu ya tatu na kofia ya bluu. Maswali yake hayakutosha kwenye neno moja. Harlan alimwandikia karatasi mbili, mara nyingine tatu, na michoro juu. Bahasha zake nilizipima kwenye mizani ya unga.

"Mzee," nikamwambia, "watu wa Texas unawapa neno moja. Huyu unampa gazeti?"

"Swali lake gumu, Verna."

"Mimi nina maswali magumu tangu tuoane. Sijaona hata nusu karatasi."

Akacheka. Mimi sikucheka.

Mei 1987 Bi Corinne aliuliza: kikosi cha Waitalia kikipotea milimani, kinaweza kurudi kilikotoka? Harlan akajaza karatasi nne. Nilizitia kwenye jiko la makaa. Nikachukua karatasi nyingine nikaandika HAPANA, nikafunga bahasha, nikaipeleka posta mwenyewe.

Bi Corinne ndiye aliyekuwa akitoa jarida la wachezaji. Neno langu likatoka ukurasa wa kwanza kama uamuzi wa mtunzi. Harlan akapanda kutoka chumba cha chini na jarida mkononi.

"Verna, hii hapana niliisema lini?"

"Kama wamechapa kwamba ulisema, basi ulisema."

Akashuka. Mwaka 1989 toleo la pili likatoka na hapana ile ndani ya sheria, na hatukuizungumzia tena.

Moyo ulianza kumsumbua Februari 2016. Agosti mwaka huu daktari akasema arudi nyumbani. Alikunywa supu yangu ya kuku na mahindi, na ya mtu mwingine hakuitaka. Hilo naomba lisikike hadi safu ya tatu. Wiki ya mwisho nikamwuliza kama aliwahi kumwambia Bi Corinne.

"Nimwambie nini?"

"Kwamba ile hapana ni yangu."

"Ili aifute? Waitalia walikuwa wanakimbia kila mchezo, watu wanapiga miayo. Mimi karatasi nne hazikunitosha kuurekebisha mchezo, wewe ukautengeneza kwa neno moja."

Alifariki Jumamosi tarehe 14 Oktoba 2017, saa nne asubuhi, nyumbani, nikiwa nimemshika mkono.

Ameacha mjane, Verna, watoto wawili, Lorraine na Dale, wajukuu watano, dada yake, Bi Arlene, na wachezaji ambao idadi yao siijui.

Sanduku linabaki jikoni kwangu. Maswali yaletwe anwani ile ile, na bahasha yenye stempu ndani. Lorraine atanisomea yaliyo marefu. Ndiyo na hapana naweza kuziandika, na moja mmeifuata miaka thelathini bila kulalamika. Bi Corinne naye anaruhusiwa kuuliza. Atapata neno moja.

Mungu ampumzishe kwa amani Harlan wangu.