Mwizi wa Pili

Kijiwe chetu ni benchi nje ya chumba cha kufulia, kwenye apatimenti zetu za Lewisville, huku Marekani. Jumamosi asubuhi nguo zinazunguka ndani, sisi nje tunamaliza kahawa ya Elkana, nesi Mkenya tunayemwita Sindano. Didace wa ghalani tunamwita Profesa, maana hajawahi kukiri kwamba kuna kitu asichokijua. Siku hiyo Florent, anayetandika vitanda hotelini, alikuja na karatasi yenye muhtasari wa mchezo. Ukumbi mmoja mdogo wa maigizo umempa nafasi, na anatakiwa ajibu kabla ya saa sita mchana. Huyu ndiye kila Ijumaa Kuu, kwenye igizo la parokiani, anayemsaidia Yesu kubeba msalaba, na machozi yake ni ya kweli. Nampenda kwa hilo.

— Nacheza Mwizi wa Pili, akasema. Nakufa ukurasa wa nne.

— Wa nne? Elkana akaruka. Bana, watu hata hawajakaa!

— Ni mambo ya umeme, akasema Profesa. Mtu mweusi anakula taa nyingi. Wanamuua mapema ku-save bili.

— Na Mwizi wa Kwanza?

— Mweusi pia. Anakufa ukurasa wa tatu.

— Si nimesema? Bili!

— Wacha, Prof. Wakiona mabega yetu wanaona bunduki. Mimi nikiingia wodini, mgonjwa anadhani nimekuja kusukuma kitanda.

— Basi tuandike yetu! akasema Profesa. Mweusi anatafuta soksi ya mtoto wake humu kwa mashine. Dakika tisini. Hafi!

Tulicheka sana. Florent alicheka kidogo, akaikunja karatasi.

— Nimengoja miaka sita waniite. Nikikataa, hawaniiti tena.

Hapo mama yake, Anastasie, aliyefika Marekani wiki iliyopita, akatoka kufulia na beseni la nguo. Tukasimama kumwamkia. Alikuwa amesikia.

— Huyo unayemcheza anaitwa nani?

— Mwizi wa Pili, mama.

— Hiyo ni kazi yake. Mama yake alimwita nani?

Florent akaikunjua karatasi, akapekua mbele na nyuma. Tukamgeukia Profesa. Profesa akachungulia kikombe chake kitupu.

— Mimi hata yule wangu aliyeishi siku moja nilimpa jina, alisema mama. Nitakuja kukutazama, mwanangu. Ukianguka pale, nimlilie nani?

Florent alimpokea beseni, akaliweka benchini, akatoa simu, akaupigia ukumbi. Tulimsikia akisema, kwa Kiingereza chake cha polepole, kwamba kabla ya kujibu ana swali moja.