Makovu kwenye Ini la Fundi Maftaha

Nauza kahawa hapa njia panda ya Nangurukuru, pembeni ya mabasi, huu mwaka wa kumi na mbili, na jina langu la Khamisi wamelisahau wote, wananiita Dele, kwa hili birika langu la kahawa. Benchi langu lina miguu mitatu na tofali. Wanaolikalia kila asubuhi ni wale wale: Kongoro, anayeuza supu ya makongoro kibanda cha pili, Mtandao, jina lake Valentini, Mmakonde anayetengeneza simu na kuamini kila kinachotoka humo, na Mzee Abdulwahab, tunayemwita Pembe kwa sababu anaumika watu. Anakuchanja mgongoni, anabandika pembe ya ng'ombe, anavuta damu chafu. Wa nne ni mpwa wake, Fundi Maftaha, mwashi, ambaye nusu ya vibanda vya hapa kavijenga yeye. Siku hiyo Fundi alikuja na begi, kavaa shati la Ijumaa na ilikuwa Jumanne, anasubiri basi la Dar. Wenzake walikuwa wameazimia asipande. Mimi nilikuwa nimeazimia apande, hata ikibidi nimsukume mimi mwenyewe.

KONGORO: Fundi, tuambie tena taratibu. Ini limefanyaje?

FUNDI: Lina makovu. Nilikwenda kumtolea damu dada yangu Mwanaidi alipofanyiwa upasuaji. Wakaipima, wakaikataa. Homa ya ini. Na mimi wala sikuwa naumwa.

MTANDAO: Si mnaona? Mtu mzima, anajipeleka hospitali, anarudi mgonjwa. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

Methali haikuhusu hata chembe, lakini kwenye benchi langu hakuna anayerudishiwa methali yake.

PEMBE: Kovu la ndani linatoka wapi, mpwa wangu, na wewe hujakatwa?

FUNDI: Daktari kanieleza, Mjomba. Ndani ya ini kuna seli zimekaa kimya tu, kazi yake kutunza vitamini. Ini likiumizwa zinaamka, zinaanza kufuma nyuzi ili kuziba jeraha. Nyuzi zenyewe zinaitwa kolajeni. Ndiyo hilo kovu.

MTANDAO: Kolajeni naijua. Shemeji yangu Fortunata anaiuza Mbagala, unga, iko kwenye kopo. Wanawake wanakunywa ili mikunjo itoke usoni. Sasa wewe unayo ya bure unataka ukaiondoe?

FUNDI: Ini halitafuti sura nzuri, Mtandao. Linataka ulaini, damu ipite.

KONGORO: Subiri. Hiyo kolajeni ndiyo inayogandisha supu yangu ikipoa?

FUNDI: Jamii hiyo hiyo.

KONGORO: Basi dawa ya moto ni moto. Bakuli mbili kila asubuhi, ile ya ndani itaona aibu itoke.

MTANDAO: Oya, acha zako. Si wewe ndiye uliyemjaza? Miaka kumi anakunywa kwako. Haba na haba hujaza kibaba.

KONGORO: Unaniharibia biashara mbele za watu.

FUNDI: Nilimuuliza daktari, akacheka. Supu tumbo linaisaga. Nyuzi za kovu ini linazifuma lenyewe, humo humo ndani.

Kongoro alishusha pumzi. Nadhani alikuwa ameshayaona masufuria yake jalalani. Hapo ndipo alipofika mama mmoja na mkoba wa ukili, akatoa salamu, akakaa pembeni ya benchi. Alisema anaitwa Mwanahija, anasubiri basi hilo hilo. Nikampa kahawa, akawa anasikiliza.

FUNDI: Ubaya wenyewe uko hapa. Nyuzi zikizidi, ini linakuwa gumu. Na zile seli zinahisi. Zikigusa ule ugumu zinadhani jeraha bado lipo, zinafuma tena. Ndiyo ugumu unazidi. Kovu linaita kovu. Mnawakumbuka vijana wangu wa Kiranjeranje? Niliwaambia wapige lipu penye ufa. Nimerudi, ukuta umevimba. Wakipapasa wanaona panakwaruza, wanaongeza mchanganyiko, wakipapasa tena panakwaruza zaidi. Hakuna aliyewaambia basi.

PEMBE: Na hizo seli nani wa kuziambia basi?

FUNDI: Kidonge, Mjomba. Kila siku, kirusi cha hiyo homa kinatulizwa. Ini likiacha kuumizwa, seli zinapoa, na nyuzi zinaweza kulegea kidogo kidogo. Ila kwanza wanipime ugumu umefika wapi, na mashine iko Dar. Nikichelewa likawa kama jiwe, halirudi.

Mtu yeyote mwenye akili angesema hapo, nenda salama. Hawa wangu wakaanza kutibu.

MTANDAO: Mzee baba, kama seli zinahisi ugumu, tatizo ni kitanda. Unalala kwenye kitanda cha kamba, ini linagusa ugumu mpaka asubuhi. Tafuta godoro la inchi nane, seli zidanganyike.

KONGORO: Godoro halifiki ndani. Mlenda. Mchana mlenda, jioni mlenda, utelezi uingie, seli zikose pa kushika.

MTANDAO: Basi na tofali aache. Ugumu unapandia mikononi.

KONGORO: Na ukuta asiegemee.

MTANDAO: Na ugali asile. Ale uji.

Nilijishughulisha na mkaa ili nisitukane. Nilipoinua macho nikamwona Mtandao anakishika kikombe cha Fundi kwa vidole viwili, anakiweka chini, mbali na vya wenzake. Hilo liliniuma sana. Fundi ndiye aliyelijenga jiko langu na hakutaka hata ahsante. Nikakiokota, nikakirudisha katikati ya sinia.

MIMI: Kirusi hiki hakipiti kwenye kikombe. Fundi kamuuliza daktari, kaambiwa. Anayeona kinyaa akanywe kwao.

MTANDAO: Usikasirike, Dele. Kinapita wapi, kwani?

 Fundi alimtazama mjomba wake, akayashusha macho.

FUNDI: Daktari alisema, kwenye damu.

Mzee Pembe akadaka neno hilo.

PEMBE: Na mimi nimesema nini tangu jana? Damu nzito kuliko maji. Kesho alfajiri uje nyumbani, nakuumika upande wa ini, pembe saba. Nyuzi zote nazivuta nje. Babu yako alifika miaka tisini, na hakupanda basi kwenda kupimwa ugumu.

FUNDI: Nimeshaamua, Mjomba. Leo napanda.

PEMBE: Unanikatalia barazani, mbele ya watu?

FUNDI: Nisamehe.

PEMBE: Baba yako alipofariki nani alikulea?

FUNDI: Wewe, Mjomba. Nami sijasahau. Napanda.

Sauti yake haikupanda. Nilimwonea huruma, nikamwonea fahari pia. Kwetu huku mtu hamjibu mjomba wake hivyo akabaki anatazamwa vizuri. Wenzangu wawili wakaingia kwenye vikombe vyao. Yule mama Mwanahija akaweka chake chini.

MWANAHIJA: Shikamoo, babu.

PEMBE: Marahaba, mwanangu.

MWANAHIJA: Uniwie radhi, mimi mpita njia. Ukiumika, unachanja kwa wembe?

PEMBE: Wembe mpya kabisa, wa dukani. Kila kikao nafungua mpya. Mimi si mchafu.

MWANAHIJA: Na kikao kimoja, watu wangapi?

 Mzee Pembe akaanza kuhesabu kwa vidole, akafika mkono wa pili, akaacha. Kila mwaka mwezi wa Shaabani, kabla ya kufunga, anatuumika wote asubuhi moja uani kwake, wembe ule ule, anausuuza kwenye maji ya vuguvugu yenye karafuu. Huanza kujichanja mwenyewe kifuani, ili waoga waone hapaumi. Mwaka huu Kongoro alikaa, Mtandao na Ukristo wake alikaa kwa sababu ya mgongo, Fundi alikaa. Mimi nilikaa baada ya Fundi. Nakumbuka vizuri kwa sababu nililalamika wembe umekuwa butu.

Mtandao alipeleka mkono mgongoni, akapapasa alama zake juu ya shati. Kongoro naye. 

PEMBE: Mpwa wangu. Ulikuwa unalijua hili?

FUNDI: Sijui kama ni hapo, Mjomba. Huenda nimezaliwa nacho. Hakuna anayejua, ndiyo maana sikusema.

PEMBE: Ukaogopa kuniumiza.

FUNDI: Ndiyo.

Basi likaja, kondakta anagonga ubavu, anaita Dar, Dar. Fundi aliinama kuchukua begi, akakuta mjomba wake ameshalibeba. Mzee wa miaka sabini alitembea nalo mpaka mlangoni, akalipandisha yeye mwenyewe.

PEMBE: Nenda. Wakikupa kidonge, kila siku unakunywa. Mimi nitakuwa nakupigia kukuuliza.

FUNDI: Inshallah, Mjomba.

Mwanahija alipanda nyuma yake, basi likaondoka. Mzee Pembe alibaki amesimama kwenye vumbi, mikono mitupu. Kongoro akaninyooshea kikombe.

KONGORO: Dele, niongeze.

MIMI: Kahawa ipo. Ila simmiminii mtu hapa mpaka apime.

MTANDAO: Leo leo?

MIMI: Leo. Zahanati iko wazi.

MTANDAO: Na wakikikuta?

MIMI: Basi tutakijua kabla ini halijawa jiwe. Inuka.

KONGORO: Supu yangu iko motoni.

MIMI: Epua.

Nilimwagia mkaa maji, nikavifunika vikombe. Nasema kweli, niliogopa. Nina watoto wanne na mama yao, na kichwani nilikuwa nawahesabu. Mtandao bado alikuwa anauliza kama sindano ni kubwa. Mzee Pembe hakutungoja tumalize. Alikuwa ameshavuka barabara, anaelekea zahanati kwa hatua ndefu, na ilibidi tukimbie kidogo kumfikia.