Bwana Onesmo, Mleta Mwanga

Tarehe 30 Juni mwaka huu, Bwana Onesmo Lugwisha anastaafu baada ya miaka ishirini na tisa ya kuwaelimisha watu ambao hawakuwa wamemwomba. Alijiunga na Shirika la Pambazuko Vijijini, hapa Kahama, akiwa kijana mwembamba, na picha zipo kwa wasioamini. Alikabidhiwa cheo cha Afisa Uelimishaji, pikipiki na kipaza sauti. Pikipiki ilikufa mapema. Kipaza sauti, kwa bahati yetu sote, kimedumu.

Kuelimika, ofisini kwetu, maana yake ni kuhudhuria semina mpaka chakula cha mchana. Makanisani ni kupata nuru. Kwa wachimbaji ni tochi ya kwenye paji la uso isiyozimika ukiwa ndani ya duara, yaani shimo la dhahabu. Bwana Onesmo hakutaka kumwacha mtu nje, kwa hiyo alichagua neno moja la kuwatosha wote: mwanga. Alifungua mikutano kwa mwanga na kuifunga kwa mwanga. Tuliokaa naye ofisini tulijifunza kuitikia huku tukiendelea na kazi.

Kilele cha utumishi wake kilifikiwa katika kijiji kimoja nje ya Masumbwe ambacho uongozi umeniomba nisikitaje. Mimi nilikuwepo, nikipiga picha za jarida. Bwana Onesmo alipanda juu ya meza, akainua mkono kama inavyotakiwa pichani, akanguruma: “Ndugu wananchi, mwanga uko hapahapa kijijini kwenu! Umejificha tu. Ufichueni, mkautoe nje!”

Walimpigia makofi ambayo hatujawahi kuyapata tena.

Mwenye kukijua Kiswahili anajua kwamba mwanga wa kuonea “uko”, na mwanga mchawi “yuko”. Lakini nyumbani kwao watu wale wanasema Kisukuma. Kiswahili huwafikia kikiwa kimepanda gari la shirika, na siku ile hakuna aliyesimama kukagua sarufi. Sisi tulikwenda kwa mwenyekiti kula kuku.

Tulikuwa bado mezani tuliposikia mwano, lile yowe la kuitana kwenye hatari. Akaingia Boaz, kamanda wa sungusungu, jasho linamtiririka, uso umejaa furaha ya mtu aliyetimiza agizo.

“Shikamoo, afisa. Tumeshamfichua.”

“Marahaba. Mmemfichua nani?”

“Mwanga uliyemsema. Ni Bibi Zipora. Macho yake mekundu tulikuwa tunayaona siku zote, ila tulikuwa hatujaelimika.”

Bibi Zipora alikuwa mjane aliyepikia kinyesi cha ng'ombe kwa sababu miti imekwisha. Macho yake yalikuwa mekundu kwa moshi. Bwana Onesmo aliweka chini paja la kuku, akaanza kufafanua kwamba yeye alikusudia mwamko wa fikra.

“Ndiyo, afisa,” Boaz akajibu. “Tumeamka.”

Hapo mtaalamu wetu aliinuka mezani. Alikimbia. Ndiyo, Bwana Onesmo huyuhuyu tunayemsubiri kila siku apande ngazi, alikimbia na tai shingoni mpaka uani kwa Bibi Zipora. Watu walikuwa wameizingira nyumba, wengine wana fimbo, wengine mapanga. Bibi alikuwa amekaa chini mlangoni, kitambaa chake cha kichwa kimeshavuliwa. Jiwe lililorushwa kwake lilimpata Bwana Onesmo juu ya jicho. Kovu mnaliona. Jarida letu liliandika kwamba aliteleza wakati wa ukaguzi wa mradi.

Akasimama mbele ya yule bibi, damu inamchuruzika, akasema bila kipaza sauti: “Mwanga niliyemsema ni mimi. Mwacheni mayo, mama wa watu.”

Kwa mara ya kwanza siku ile, sarufi yake ilieleweka na kila mtu.

“Wewe, afisa?” Boaz aliuliza, akirudi nyuma.

“Mimi. Anayebisha na amguse huyu bibi, aone.”

Hakuna aliyebisha. Tulimpakia Bibi Zipora garini kumpeleka kwa binti yake Mariana, Ushirombo. Njiani bibi alimgeukia Bwana Onesmo.

“Mwanangu, ni kweli wewe ni mwanga?”

“Hapana, mayo.”

“Basi umewadanganya watu.”

“Ndiyo, mayo.”

“Wabeja,” akasema bibi. Asante. Bwana Onesmo akageukia dirishani, akalia.

Shirika halikukaa kimya. Alipewa onyo kali, kwa kuwa Afisa Uelimishaji amethibitisha hadharani kwamba uchawi upo, kinyume na malengo ya mradi. Na kusema kweli, uongozi haukukosea. Ikaitishwa semina ya kutafuta neno salama zaidi, na baada ya chai wajumbe walikubaliana litumike “uelewa”. Linatumika mpaka leo, na halijamdhuru wala kumsaidia mtu yeyote.

Yeye alirudi kule. Hakubeba bango, na mimi hakunichukua. Alikwenda siku zake za mapumziko, akikaa jikoni mwa watu na kukohoa pamoja nao. Aliwaambia kwamba alidanganya, na kwamba yale macho ni moshi. Wengi walikataa kumpa mkono. Boaz alikuwa akiondoka kila akimwona.

Mwaka jana Boaz aliingia ofisini kwetu akiwa amemshika mkono mama yake mzee, kofia ameivua.

“Shikamoo, afisa. Mama macho yake yamekuwa mekundu. Majirani wameanza kunong'ona. Ni ule moshi, siyo?”

“Ni moshi,” Bwana Onesmo alimjibu. “Karibuni mkae.”

Boaz hakukaa. Alisimama pale akifuta uso kwa kofia, huku mama yake akiuliza kuna nini. Siku ileile Bwana Onesmo aliwapeleka hospitali ya macho, na kikao cha tathmini ya uelewa kikamkosa.

Bwana Onesmo, tunakushukuru, hata kwa zile hotuba. Bibi Zipora yuko Ushirombo, analima karanga na kugombana na wajukuu. Nenda nawe ukazeeke hivyo: taratibu, kwako, katikati ya majirani wasiokuogopa.

Raudha Maulidi, Idara ya Mawasiliano