Marahaba za Baba Yake Stela

Treni ilipoondoka Usoke, Apolinaria alijifanya anatazama mashamba ya tumbaku, kumbe masikio yake yote yalikuwa kwenye kiti cha mbele. Pale Amon, fundi simu, aligeuzageuza simu ya binti aitwaye Stela, aliyekuwa amenyoa nywele kwa msiba.

"Dada, hii ni nzito kuliko gunia la mpunga. Nikiiruti, yaani nikivunja kufuli la kiwandani, naondoa makorokoro yote, inakimbia. Ila kila kilichomo kinafutika."

"Basi usiiguse, kaka. Humo mna sauti za marehemu baba. Kila asubuhi nilimtumia shikamoo, naye akajibu kwa sauti."

"Akisema nini?"

"Marahaba."

"Miaka yote, marahaba tu?"

"Marahaba tu."

Apolinaria akajua kuwa fundi huyu hajafiwa bado.

Amon akabonyeza sauti moja. Mzee akasikika, "Maraha...", kisha simu ikaganda.

"Umeona? Haimalizi wiki hii, na itakufa nazo zote. Ikizinduka itaganda tena upesi, kwa hiyo chagua moja tuihangaikie mpaka niirekodi kwa simu yangu, halafu niiruti. Si zote ni zilezile?"

"Hazifanani. Siku nyingine alikuwa na njaa. Siku nyingine mvua ilikuwa imemfurahisha."

Treni ikasimama Tabora, abiria wakaanza kushusha mizigo. Simu ilikuwa imezinduka.

"Haya dada, ya siku gani?"

Stela alipandisha jumbe kwa kidole, taratibu, akitafuta asubuhi ambayo baba yake hakukohoa.