Lebo ya Mwanasiti

Akech, zima hiyo redio. Odera, sogea nikuone, maana nikimaliza haya sitasema tena. Miguu imekufa ganzi tangu juzi, na moyo vilevile. Msidhani nimekasirika, hata hasira imenitoka.

Nyumba hii ya Kaloleni ni ya kaunti, hamna cha kugawana. Ninachowaachia, wanangu, ni ile programu ya kompyuta, ya lugha ya C, ya kuchapisha lebo kwenye duka la dawa kule Majengo, niliyoiandika kwa herufi pana, zinazobeba maandishi ya lugha yoyote, ili jina la Kiarabu litoke sawasawa na la Kijaluo. Sikieni inavyopima jina. Huhesabu herufi moja moja mpaka ikute sifuri ya kufunga, alama ya mwisho wa jina. Jina likijaza kisanduku chake chote, sifuri hukosa nafasi, na hesabu isiyo na kikomo huendelea mpaka kisanduku cha jirani. Ndiyo maana niliweka wcsnlen_s, ambayo hupewa kikomo. Wewe Odera ukaiondoa, ukaweka wcslen isiyo na kikomo, ukasema kila jina lina sifuri yake na mimi mzee naogopa bure. Jina refu la Mwanasiti, mgonjwa wa dukani, likajaza kisanduku, na lebo ikatoka na jina lake, kisha kipimo cha dawa ya mgonjwa mwingine. Akaifuata. Tulimzika, na mpaka leo sijatoa chozi, wala sijui limekwama wapi.

“Mzee, hiyo ni mashine,” ulisema. Mashine ilifanya ulichoiambia.

Rudisheni kikomo. Kihesabuni kwa herufi, si kwa baiti, vile vipande vya kumbukumbu ya kompyuta, kwani herufi pana moja hula baiti kadhaa. Jibu likilingana na kikomo, jueni sifuri haikuonekana. Likataeni jina hilo. Jibu likiwa sifuri, hakuna jina la kupima. Hapo pia msichapishe.

Akech, najua uliitaka programu hii, na unaiweza. Nampa kakako, aliyeiharibu aitengeneze. Usinune; kaa kando yake, msome kila mstari pamoja. Lakini Odera, usiiguse kabla hujaenda kwa Rufaida, binti wa marehemu Mwanasiti. Usimpelekee habari za mashine. Mwambie ni mkono wako uliofuta kikomo. Akisema isiwashwe tena... isiwashwe, hata kama ndiyo urithi wote.

Maji, Akech... Basi, yatosha. Mungu awatunze, muishi mkisemezana, nyinyi wawili... Odera, bado umekaa? Vaa viatu. Rufaida yuko nyumbani.