Soda ya Moto ya Madam Bertilla

Inatangazwa kwa walimu, wafanyakazi na wanafunzi wote kwamba kuanzia Jumanne, Julai mosi, 2025, dirisha la pili la ofisi ya walimu, upande unaotazama Kasense, litafungwa. Ofisi imezipokea taarifa hizi kwa utulivu mkubwa. Aliyekuwa akilifungua kila asubuhi, kuwe na upepo au kusiwe na upepo, ni Madam Bertilla Isdori, mwalimu wa Kiingereza, ambaye anastaafu siku moja kabla, Juni 30, baada ya miaka thelathini na mitano kazini, yote katika shule hii.

Madam alizaliwa Kaengesa, kwa wakulima wa mahindi na ulezi. Aliripoti hapa mwaka 1990 akiwa na sanduku la bati, kamusi isiyo na jalada, na msimamo kwamba neno la Kiingereza halifundishwi kwa kutajiwa maana, bali kwa kumpeleka mwanafunzi mahali lilipo. Kwa maneno mengi msimamo huo haukumsumbua mtu. Tatizo lilikuwa "cold".

Mtaala unalitengea neno hilo mstari mmoja. Madam alilitengea wiki nzima, na wiki yenyewe ni ya katikati ya Juni, wakati upepo wa Sumbawanga unapita kwenye sweta kama vile hukuvaa. Siku ya kwanza Kidato cha Kwanza walisimama paredi saa moja kasoro, mikono nje ya mifuko, mpaka kila mmoja alitamke neno hilo bila kusukumwa. Hakuna aliyechelewa kulitamka. Siku ya pili ilikuwa ya mafua, ambayo Kiingereza huyaita kwa neno hilohilo. Aliwaeleza kwamba Mwingereza husema yeye ndiye ameyakamata mafua, wakati huku kwetu mafua ndiyo yanayomkamata mtu, akawaachia waamue wenyewe nani ana uzoefu zaidi. Siku ya tatu ilikuwa ya binadamu: yule anayekusalimia kwa ncha za vidole huku akitazama pembeni. Mfano aliutoa ofisini kwetu bila kutaja jina, na sote tulimjua. Habari ya "cold feet", ambayo kwa Waingereza ni kuingiwa na woga dakika za mwisho, aliisogeza hadi Oktoba, kwa kuwa Juni darasa zima lilikuwa na miguu ya baridi na hakuna aliyekimbia.

Siku ya nne ilikuwa ya soda, na hiyo ndiyo nusura imfukuzishe kazi.

Kila mtu anajua kwamba ukiagiza soda muuzaji atakuuliza: ya baridi au ya moto? Ya baridi imetoka kwenye friji, ya moto imetoka kwenye kreti. Ila duka la karibu na geti letu ni la Mama Hellena, na Mama Hellena huzima friji mwezi wa tano na kuliwasha mwezi wa tisa. Katikati hapo hutunzia maandazi humo, yasipoe. Wanafunzi wa Madam walipelekwa dukani kila mwaka, wakanywa soda ya kreti, kisha wakaandika walichokutana nacho mdomoni.

Mwaka 2013 Kidato cha Nne walifanya mtihani wa majaribio uliotungwa mbali na hapa. Swali la saba liliuliza soda isiyowekwa kwenye friji ikoje. Jibu la mwongozo lilikuwa "warm". Wanafunzi wetu arobaini na mmoja waliandika "cold", wote, kwa mwandiko safi. Wasahihishaji walipoona watu arobaini na mmoja wamekosa kwa neno moja, wakanusa wizi. Barua ilikuja: ikithibitika walipewa majibu, matokeo ya darasa zima yatafutwa na mwalimu ataachishwa kazi. Miaka ishirini na mitatu ya utumishi ikawa imekaa juu ya kreti.

Mwenyekiti wa uchunguzi, Mwalimu Lazaro, alitoka mkoa wenye feni. Alifika Juni, amevaa shati la mikono mifupi. Akamwita Jenifa, msichana wa dawati la mbele, akamuuliza nani alimwambia aandike vile.

"Hakuna, Mwalimu. Nimeinywa."

Mzee Kashinje, mfugaji wa Izia na baba yake Jenifa, alikuwa amekaa nyuma, kwenye viti vya wazazi, na fimbo yake. Akaomba ruhusa. "Mheshimiwa, huyu nilishamtuma akaibe chumvi kidogo tu jikoni kwa mama yake, akashindwa. Mtihani ataweza wapi?"

Hata mwenyekiti alicheka, ila kalamu hakuiweka chini. Ndipo Madam alipoleta bilauri mbili. Moja ilitoka kwenye friji, ambalo Mama Hellena alikuwa ameliwasha tangu jana yake kwa heshima ya serikali. Nyingine ilitoka kwenye kreti iliyolala barazani.

"Mwalimu, salamu tumeshapeana," alisema. "Sasa funga macho, unywe, uniambie ya friji ni ipi."

Mwalimu Lazaro alionja, akarudia, akanyooshea kidole ile ya kreti. Alifumbua macho, akaonyeshwa. Aliomba chai.

Taarifa yake ilikuwa fupi: hakuna udanganyifu. Matokeo ya darasa hayakufutwa, Madam akabaki kazini, na Juni iliyofuata akarudi dukani na Kidato cha Kwanza kama kawaida. Mwongozo wa usahihishaji, hata hivyo, haukubadilishwa, na jibu la wale arobaini na mmoja likabaki na mkasi, alama ya kosa. Madam alilipigania. Kila mwaka aliandika barua moja, zimefika kumi na mbili, na zote zimejibiwa kwamba zimepokelewa.

Madam Bertilla, ofisi inakushukuru kwa Kiingereza, kwa subira na kwa hewa safi. Huko shambani uendako tunakuombea kuni kavu, mvua isiyochelewa na wajukuu wenye kuuliza maswali.

Swali la saba lilikuwa la nusu alama.