Nyumba Yetu Isiyo na Mlango, Kilimani Nyamuswa

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Na ninyi mliokaa kule nyuma karibu na spika mbovu, Bwana asifiwe na kwenu pia! Naitwa Nyangeta. Nashona sare za shule hapa Musoma, na wengi humu nimeshawapima kiuno. Leo sikuja na futi. Nimekuja kusema jinsi Bwana alivyotutoa, mimi na ndugu zangu wa tumbo moja na mama yetu mzazi, mbele ya mnyama mkubwa. Tena kabla ya kututoa kwa mnyama, alikuwa na kazi ya kututoa mikononi mwetu sisi wenyewe.

Tumezaliwa watatu. Kaka yetu mkubwa, Magesa, anakaa Bunda, na kwao kule ni mzee wa kanisa. Mdogo wetu Majura anakaa Butiama, anafanya kazi kwenye ofisi za wilaya. Mimi ni wa katikati. Mama yuko kijijini karibu na Nyamuswa, chini ya kilima ambacho marehemu baba alikuwaga anachungia ng'ombe. Baba aliona tumeanza kukutana misibani tu. Kabla hajaondoka akatuomba tujenge pale juu kijumba kimoja, cha kufikia wikiendi na watoto, tule pamoja, Jumapili jioni kila mtu arudi kwake.

Hakuna kati yetu aliyeweza kuijenga nyumba nzima, kwa hiyo tuligawana. Kaka alichukua msingi, mimi kuta, Majura paa. Msingi ulikwenda vizuri. Kilima kile kina mteremko mkali, lakini kaka alipanga mawe mpaka ukiweka kikombe cha chai hakimwagiki.

Shida ilianza kwenye mlango. Kaka alitaka utazame barabarani, ili mgeni aonekane angali mbali. Majura akasema mtu hawezi kupanda kilima chote kile aje kutazama bodaboda. Mlango utazame ziwa, ambalo siku ya hewa safi unaliona linang'aa kule upande wa Bunda. Ndugu zangu, mlango! Watu wazima, wenye wake na watoto, waliacha kusalimiana kwa sababu ya tundu la ukutani ambalo halijatiwa hata fremu. Kwenye msiba wa shangazi kila mmoja alitafuta turubai lake. Simu zao zote zikawa zinakuja kwangu. Huyu anasema mwambie kaka yako, yule anasema mwambie mdogo wako. Nashona kola ya mtoto huku nimebana simu begani, nasuluhisha mlango. Kola zikawa zinatoka kama masikio.

Kuta zilikuwa sehemu yangu, basi kwa kutafuta amani nilimwambia fundi aache nafasi ya milango miwili, mmoja kila upande. Nilijiona nina hekima. Fundi wetu ni Salehe, mtu wa Bunda mjini, mpole, hajui kumkatalia mtu. Kaka alipoona tundu la upande wa ziwa, alimwagiza alizibe. Majura naye akaja Jumamosi yake, maana walikuwa wakipishana makusudi, akamwagiza azibe la barabarani. Salehe akayaziba yote mawili. Tofali la mwisho alilipanga akiwa ndani, akatokea dirishani. Aliponipigia kunieleza, niliuliza sasa watu wataingilia wapi. Akajibu kwa heshima zote, "Mama, mimi nimewatii wote."

Ndiyo ikawa nyumba yetu. Kuta mpaka kwenye lenta juu ya madirisha, haina paa, haina mlango. Chini ya dirisha la upande wa bondeni Salehe alipanga tofali kama ngazi, na humo ndimo tulimoingilia, sketi mkononi. Watoto wa kijiji walikuwa wanaleta wenzao waione.

Mama alituacha tupishane hivyo kwa muda. Halafu msimu huu wa mahindi mabichi akampigia kila mmoja wetu, kwa siri, akimwambia apande kilimani Jumamosi, kwamba atakuwa peke yake na mama. Mama yangu ni mwanamaombi, lakini siku ile alitudanganya wote watatu kwa sauti moja. Nilipofika nikamkuta kaka ndani ameketi kwenye mfuko wa saruji, na Majura kwenye kona nyingine anachezea simu isiyo na mtandao. Mama alikuwa nje, amewasha moto kwenye mafiga, anachoma mahindi. Pembeni ana kapu zima limejaa mengine.

Alitaka tule kwanza ndipo tuongee. Hatukuwahi kula. Tulisikia kelele kutoka mashambani kule chini, watu wanapiga madebe. Nikachungulia dirishani. Tembo alikuwa anapanda kilima. Mmoja tu, dume, bila haraka, kama mtu anayekwenda kwa shemeji yake. Sisi wa upande huu wa Mara tunawajua. Wakitoka hifadhini wanafuata mahindi, na wakifuata mahindi hawaulizi shamba la nani.

Nikamwita mama aingie. Akatazama chini, akaona, akanyanyuka. Lakini hakuja dirishani mikono mitupu. Alisema hawezi kuacha chakula cha wanawe kiliwe na mnyama, akanipa kwanza kapu la mahindi. Nami kwa woga nikalipokea, nikaliweka ndani. Ndugu zangu, akili ilikuwa wapi? Kitu ambacho tembo anakifuata, tumekiingiza ndani, tukajifungia nacho.

Halafu mama mwenyewe. Mama amejaliwa mwili. Alipanda tofali za Salehe, akaingiza kichwa, akaingiza mabega, akafika katikati, akakwama. Kabla hajapanda nilikuwa nimesharukia nje nimsukume, maana kaka na Majura ni wanaume, hawawezi kumsukuma mama yao huko nyuma, na mimi peke yangu sikumweza. Kaka alishika mkono mmoja kwa ndani, akavuta. Majura akashika mwingine, akavuta kivyake. Kila mmoja alivuta kwa wakati wake, na mama akawa anaelekea mara upande huu, mara upande ule, kama droo iliyopinda. Nyuma yangu nasikia matawi yanavunjika.

Mama akainua uso, akawatazama wanawe wale, akasema taratibu, "Basi leo ndiyo siku nzuri ya kuamua mlango ukae wapi."

Hapo ndipo nilipomsikia kaka akisema jina la mdogo wetu, jina ambalo hakuwa amelitamka tangu tumalize msingi. "Majura. Tuvute pamoja."

"Haya, kaka."

Wakavuta pamoja. Mama akapita. Akaangukia juu yao wote wawili, nami nikaruka nikaangukia juu ya mama.

Tembo alifika. Alizunguka nyumba kama mtu anayetafuta mlango, na kweli hakuukuta. Mkonga ukapita juu ya ukuta usio na paa, ukashuka, ukapapasa upara wa kaka Magesa. Kaka yule, ambaye Bunda nzima inajua akiomba chakula kinapoa, alifumba macho akasema, "Bwana, Bwana," basi, hakuendelea. Kisha mnyama akasogea upande wa tatu, si wa barabara wala wa ziwa, ule unaotazama nyumbani kwa mama, akaegemea. Ukuta wenyewe ulikuwa mwembamba, hauna paa la kuushika. Ukuta ukalia, ukatoka kipande kizima, tukawa tunatazamana na tembo ana kwa ana.

Ndipo nilipofungua kinywa niombe, na maneno yote ya wokovu yakanikimbia. Nikasikia mdomo wangu unasema, "Bwana, tunakushukuru kwa chakula hiki, ubariki mikono iliyokiandaa, uwape na wale wasio nacho."

Kaka akafumbua macho. Akanitazama mimi, akalitazama kapu. Majura naye akalitazama. Kaka alilala chini akalisukuma kapu kwa miguu kuelekea kwenye lile tundu, na Majura amemshika mkanda wa suruali kwa mikono miwili ili asiende nalo. Mkonga ukalipokea. Ukalivuta nje kwa adabu kabisa. Tembo akala palepale, tunamsikia anavyotafuna, mpaka watu wa madebe wakakaribia, naye akapita zake kuelekea porini.

Tulianza kujipangusa vumbi. Baadaye nikamwona Majura analia, na kaka anampangusa saruji shingoni kama alivyokuwaga anampangusa alipokuwa mdogo. Mama alikwenda akaketi kwenye lile tundu, miguu nje. Kutoka pale unaliona boma lake, moshi wa jiko lake na kaburi la baba pembeni. Akasema mlango ni huu. Hakuna aliyebisha.

Salehe alipokuja kutengeneza kingo aliuliza nani ameagiza safari hii, maana hataki lawama. Kaka na Majura wakamjibu kwa pamoja kwamba ni tembo. Akasema basi huo hataugusa hata mtu amwamuru vipi, asije tembo mwenyewe akarudi kumuuliza.

Namshukuru Mungu, ndugu zangu. Hakungoja nipate maneno mazuri. Nilimpelekea sala ya mezani, akaifanyia kazi. Wewe uliyekaa hapo una ndugu humpigii simu, na huna hata la kusema, mpelekee hilohilo ulilonalo. Mwamini. Ataanzia hapo.

Na mtukumbuke kwenye maombi yenu, maana tumefika hatua ya paa. Jumamosi hii tunakaa kuchagua rangi ya bati. Kaka anataka nyekundu, Majura anataka bluu. Mama ameshaomba mbele yetu, kwa sauti, ili tusikie: "Bwana, kuhusu bati hawa wataelewana wenyewe. Usijisumbue kutuma mtu."